LEKTERE ZA ZAMANI: TUZITUPE AO TUZICHUNGE?



Tangu mwanzo wa trimestri hii kuna mabishano makali katika kalasi zetu za juu, zaidi kwa wale wa Komersiale. Chumba chetu cha enformatiki kiko na maordinatere ya okazyoni, yaani yale yaliyotumika kwanza Ulaya mbele ya kufika huku. Karibu yote yako na lektere ya CD na DVD. Mawili ya zamani kabisa yako hata na lektere ya disketi, ile ya kinywa chembamba. Sasa kuna shauri kwamba lektere hizi zote zitolewe, na mahali pa zile za CD tuweke diski za namna mpya, zinazoitwa SSD, ili mashini zipate kwenda mbio. Yale mawili ya disketi yaondolewe kabisa chumbani, sababu yanakula nafasi bure.

Wengi walipiga makofi. Wachache walikasirika, wakasema kitu cha masomo hakitupwi. Mimi nimesikiliza pande zote mbili, na naona kila upande umeshika nusu ya kweli. Ndiyo maana ninaandika.

WALE WANAOSEMA TUZITUPE

Tuanze nao, sababu maneno yao yako na nguvu.

Disketi ya kwanza ilitoka kwa kampuni IBM katika 1971, ikiwa kubwa kama sahani, inchi 8. Ile ndogo ambayo wazazi wetu waliijua, ya inchi 3,5, ilitoka kwa Sony katika 1981, na tangu 1987 ilibeba mega 1,44. Hesabuni wenyewe: picha moja ya telefone ya leo mara nyingi inapita mega 2. Maana yake disketi nzima haiwezi kubeba sura ya mtu mmoja akicheka. Katika 1998 Apple ilitoa ordinatere yake iMac bila lektere ya disketi. Katika 2000 flashi za kwanza zikaanza kuuzwa. Zilibeba mega 8 tu, lakini hiyo ilikuwa tayari zaidi ya disketi tano. Katika Machi 2011 Sony ikaacha kuuza disketi kwao Japani.

CD nayo ilifika madukani Japani katika 1982, kwa ajili ya muziki. Kisha ikaingia mu maordinatere, ikibeba karibu mega 700. DVD ilifuata katika 1996, giga 4,7. Leo flashi ndogo kama kidole inabeba giga 32, yaani karibu DVD saba. Katika 2008 Apple ikatoa MacBook Air bila lektere ya CD, na kampuni zingine zikafuata kidogo kidogo. Leo ordinatere mpya za kubeba, karibu zote haziko nayo tena.

Wanaongeza sababu za hapa kwetu. Lektere ya CD iko na mota na jicho la laza. Vumbi la barabara zetu linaingia, jicho linafifia, na fundi hapati kipande cha kubadilisha. Mota ikizunguka inakula batri, na sisi tunategemea panno za jua. Tena, nafasi ya lektere ndani ya ordinatere ya kubeba inaweza kupokea diski ya pili. Ordinatere ya miaka kumi iliyopita ikipewa SSD, inawaka ukihesabu kidogo tu. Ile yenye diski ya kuzunguka, unaweza kwenda kuteka maji, ukarudi, ungali unangoja.

Hayo yote nayakubali. Mwenye kununua ordinatere leo kwa kazi ya kila siku asilipe hata franka moja zaidi juu ya lektere. Muuzaji akikuambia, "Hii iko na DVD, ongeza kidogo," umwambie aksanti, na ile feza uitie kwenye memwari ao kwenye batri.

JAMBO WANALOSAHAU

Kuuliza kama lektere ingali na nguvu ni swali dogo. Swali kubwa ni hili: tuko na nini ndani ya kabati ambacho hakisomwi bila lektere hii?

Katika kabati ya sekretaria kuna karton moja ya disketi, na juu yake ma-CD yaliyoandikwa kwa kalamu: palmaresi, listi za finalisti, hesabu za ujenzi wa internati, nyimbo za korali, picha za ubatizo. Kwa miaka mingi points zilipangwa kwa ordinatere, kartasi ikachapwa, na kopi ikachungwa ndani ya disketi. Kartasi zingine zilipotea wakati watu walipokimbia vita. Zingine zililiwa na mchwa. Kwa miaka fulani, ile inayobaki ni disketi peke yake.

Mwaka uliopita baba mmoja alifika ku biro. Alimaliza hapa zamani, sasa yeye mwenyewe iko na watoto katika masomo ya msingi. Alitaka ushuhuda wa points zake, kwani alipoteza makartasi yote katika kukimbia, na mahali alipoomba kazi walimdai alama ya masomo yake. Kitabu cha palmaresi cha mwaka wake hakikuonekana. Disketi ilionekana, mwaka umeandikwa juu yake vizuri. Waliingiza mara ya kwanza, mashini ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Mara ya tatu ikalia kidogo, ikafunguka, na jina lake likawa pale pamoja na asilimia zake.

Wandugu, fikirini. Kama yale maordinatere mawili yangekuwa tayari yametupwa, tungemwambia nini mzee yule? Points zake tungekuwa nazo mkononi, lakini tungekuwa kama kipofu mwenye barua. Kwetu sisi ile mashini ni takataka. Kwake yeye ilikuwa mkate wa watoto.

Lektere ni mlango. Disketi na CD ni nyumba. Mlango ukiwa wa kizamani, ubadilishe. Lakini usiutupe mbele ya kutoa vitu ndani ya nyumba.

VITABU VIWILI VYA UINGEREZA

Msifikiri kwamba shida hii ni ya watu maskini tu. Sikieni yaliyotokea Uingereza.

Katika 1086 mfalme William, aliyeshinda nchi ile kwa vita, aliandikisha mashamba yake yote: nani anamiliki nini, iko na ng'ombe wa kulima wangapi, kuna vinu vya kusagia vingapi. Hesabu ile iliandikwa kwa mkono juu ya ngozi za wanyama. Kitabu kinaitwa Domesday, na hata leo kinachungwa na kinasomeka.

Miaka 900 ikapita. Katika 1986 BBC ilitaka kufanya kitabu kama kile, lakini cha wakati mpya. Watu zaidi ya milioni moja walisaidia, na wengi wao walikuwa wanafunzi kama sisi. Waliandika juu ya vijiji vyao, wakapiga picha, wakaeleza watu wanakula nini na wanacheza nini. Yote yakatiwa ndani ya diski mbili kubwa za laza. Ili kuzisoma ilipaswa lektere ya pekee iliyotengenezwa na Philips, pamoja na ordinatere ya pekee, na bei yake ilikuwa kali hata masomo mengi hayakuweza kulipa.

Ilipofika 2002, miaka 16 tu nyuma yake, lektere zile zilikuwa zimekuwa haba sana. Watu wakaogopa kwamba kazi ya watoto wale itapotea, huku kitabu cha ngozi cha miaka 900 kinasomwa bila shida. Wenye elimu wa universite ya Leeds, Uingereza, na ya Michigan, Marekani, walitumika pamoja ili ordinatere za sasa ziweze kuiga ile mashini ya kale. Katika 2011 BBC iliweka sehemu kubwa ya maandiko na picha zile kwenye intaneti.

Kazi ile iliokolewa namna gani? Kwanza, sababu kulikuwa bado na mashini za zamani chache zilizotembea. Kama zote zingetupwa, elimu ya Leeds na ya Michigan isingesaidia kitu. Pili, sababu watu hawakuridhika na kuchunga mashini, lakini walitoa vitu ndani na kuvihamisha. Mambo haya mawili yanaenda pamoja. Wale wa "tuzitupe" wanasahau la kwanza. Wale wa "tuzichunge" wanasahau la pili.

Sisi watoto wa Kanisa tunajua habari nyingine inayofanana. Wakati mfalme Yosia aliposimamia matengenezo ya hekalu, kuhani Hilkia alikuta ndani yake kitabu cha torati kilichosahauliwa. Akampa mwandishi Shafani, naye akakisoma mbele ya mfalme, na taifa lote likatikiswa na maneno yale. Shafani alihitaji macho yake tu na elimu ya kusoma. Kama Hilkia angekuta disketi chini ya mawe, angeishika mkononi, angeigeuza juu na chini, na angeirudisha pale pale.

HATA WENYE NGUVU WALICHUNGA, KISHA WAKAHAMA

Wengine wanacheka, wanasema ni sisi tu tuliobaki na madisketi. Hapana. Jeshi la Marekani lilitumia disketi za inchi 8, zile za sahani, katika mashini za kupitisha amri za silaha zake za nikleari, mpaka 2019. Japani, inchi ya wenye kutengeneza roboti, iliendelea kuwa na amri za serikali zaidi ya 1000 zilizodai watu walete makartasi fulani ndani ya disketi ao CD na vyombo kama hivyo. Ziliondolewa katika 2024.

Tena kuna bande, utepe wa sumaku kama ule wa kaseti za zamani. Katika Februari 2011 watu fulani wenye kutumia Gmail walifungua masanduku yao ya barua wakakuta matupu. Google iliwarudishia barua zao kutoka bande, sababu kopi za bande zilikuwa zimewekwa pembeni, haziungwi na mashini zilizoharibika. Kitu cha kizamani kiliokoa kampuni kubwa ya kisasa.

Kwa hiyo umri wa kitu hauwezi kutosha kukihukumu. Lakini muangalie pia kwamba Marekani na Japani hawakubaki pale. Siku ilifika, wakapanga kazi, wakahama. Walitoka ndani ya nyumba kwa mlango, hawakuruka dirisha.

CD INGALI NA WEMA GANI?

Kuna mambo mawili ambayo CD inafanya vizuri, na lazima kuyasema.

La kwanza ni virusi. Munajua flashi zetu: zinatoka ku sekretaria ya barabarani, zinaingia ku masomo, zinarudi nyumbani, na kila pahali zinabeba ugonjwa. Kati ya 2008 na 2009 virusi moja iliyoitwa Conficker ilisambaa katika mamilioni ya maordinatere ya dunia, na njia yake moja ilikuwa flashi. CD iliyoandikwa mara moja na kufungwa, hakuna virusi inayoweza kuiingia kisha. Ukitaka kupeleka programu safi katika mashini kumi na kuwa na hakika kwamba ya kumi imepata kitu kile kile cha ya kwanza, CD inafaa. Bila shaka, ukiandika virusi pamoja na programu siku ya kwanza, itakaa humo milele.

La pili ni kwamba mtu hawezi kuifuta kwa haraka. Flashi ya palmaresi, mwanafunzi mmoja akikosa nafasi ya filme, anaifuta kwa dakika moja. CD ya palmaresi haikubali mchezo huo.

Lakini wema mwingine wa CD umepita, tusidanganyane. Zamani ansiklopedi ilikuja ndani ya CD; ile ya Microsoft, iliyoitwa Encarta, iliachwa kuuzwa katika 2009. Leo kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix. Inaweka Wikipedia ndani ya flashi ao telefone, na unasoma bila intaneti, bila kununua mega. Hapo CD imeshindwa, na tushukuru.

KUCHUNGA HAIKO KUOKOA

Sasa niwaambie wenzangu wa upande wa pili, wale wanaotaka karton ifungwe vizuri irudishwe ku kabati. Wandugu, karton ile inakufa.

Disketi ni utando mwembamba wenye unga wa sumaku. Unyevu, joto na vumbi vinauharibu, na miaka nayo inapunguza sumaku. CD ya kuandika iko na rangi ndani yake; jua na joto vinaichakaza mpaka laza haioni kitu tena. Katika 2001 wenye elimu wa Hispania walieleza habari ya CD moja iliyotoka Belize, inchi ya joto na unyevu kama yetu, iliyoliwa na ukungu. Ndiyo, ukungu, kama ule wa mkate. Hata flashi inachunga maandiko kwa chaji ndogo ya umeme, na chaji ile inatoka kidogo kidogo ikiachwa miaka mingi bila kutumiwa. Diski ya kuzunguka inaogopa kuanguka. Hakuna chombo kimoja kati ya hivi chenye kuishi milele.

Disketi ya mzee yule ilifunguka mara ya tatu. Nani anaahidi kwamba mwaka ujao itafunguka hata mara ya kumi?

Wengine watasema: tupandishe yote ku intaneti, basi. Ni shauri zuri kwa sehemu, lakini tusiweke mayai yote humo. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo yote, na haikurudi mpaka baada ya katikati ya Januari 2019. Mtu aliyekuwa na makartasi yake huko tu, siku zile alikaa mikono mitupu. Na hata siku za amani, mega zinalipwa.

SHAURI LANGU

Sipendi mtu anayebisha bila kuonyesha njia. Haya ndiyo ninayopendekeza kwa Bwana Prefe, kwa komite ya wanafunzi na kwa wote.

1. Lektere za CD zitolewe katika maordinatere ya wanafunzi, na SSD ziingie. Hapo wale wa kwanza wameshinda. Lakini zile zilizotolewa zisiende ku takataka. Lektere ya ordinatere ya kubeba inaweza kutiwa ndani ya kisanduku kidogo cha USB, ikawa lektere ya inje. Mbili zinatosha kwa masomo nzima: moja ya kazi, moja ya akiba.

2. Maordinatere mawili ya disketi yabaki, yote mawili, mpaka disketi ya mwisho imesomwa. Moja likikufa katikati ya kazi, lingine liendelee. Kisha kazi, yanaweza kupumzika kwa heshima.

3. Mbele ya kuingiza disketi yoyote, angalieni kadirisha kadogo ku kona yake. Mukikasukuma mpaka tundu likaonekana wazi, mashini inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika juu yake wala kuifuta. Kazi hii ya sekunde moja inaweza kuokoa mwaka mzima wa points.

4. Tuanze na disketi, kisha CD, kisha flashi za zamani, sababu disketi ndizo ziko karibu zaidi na kaburi. Finalisti wa Komersiale wanaweza kufanya kazi hii Siku ya Posho asubuhi, wawili wawili, mwalimu wa enformatiki akisimamia. Points za watu ni siri: anayekopia asisome ya wengine na kwenda kuyatangaza ku fontene.

5. Mlango wa pili ni programu. Maandiko mengine yaliandikwa kwa WordPerfect ao kwa Lotus 1-2-3, ambazo hamuzioni tena. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inaweza kufungua nyingi za namna hiyo. Mukishafungua, chungeni pia kopi ya PDF, ili wadogo wetu wasipate shida ile ile.

6. Kila kitu kiwe na kopi tatu: moja ndani ya ordinatere ya sekretaria, moja ndani ya diski ya inje inayochungwa katika nyumba nyingine, kwa mfano ku biro ya Kanisa mbali na hapa, na moja ya kartasi kwa yale ya lazima, kama palmaresi. Kumbukeni Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulipofunika sehemu ya mji wa Goma. Kopi mbili ndani ya nyumba moja ni kopi moja tu. Na msicheke kartasi: gazeti hili munaloshika linachapwa kwa stensili na mkono wa kuzungusha, na siku umeme unapokosa, ndilo linalotoka.

7. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mtu mmoja aliyechaguliwa afungue zile kopi aone kama zinasomeka. Kopi isiyojaribiwa ni kama jeneratere isiyowashwa: utajua imekufa siku ya giza.

Kazi hii haidai feza nyingi. Inadai mikono, saa, na mtu mwenye kuisimamia. Mikono tuko nayo.

MWISHO

Kama mtu ananiuliza kwa neno moja, lektere za zamani zingali na faida mu ordinatere? Nitamjibu hivi. Mu ordinatere yako wewe, hapana, usizilipie. Mu masomo, ao mu Kanisa, ao mu biro yoyote yenye karton ndani ya kabati, ndiyo, moja ao mbili, mpaka siku karton itakapokuwa tupu. Faida yake haiko katika lektere yenyewe. Iko kwa watu ambao majina yao yamefungwa ndani ya vile visahani: yule baba wa mwaka jana, na wengine ambao hawajafika bado ku mlango wa biro. Siku moja tutakuwa sisi. Tutamaliza, tutatawanyika Bukavu, Kindu, Kisangani, Lubumbashi, pengine mbali zaidi, na siku moja tutarudi kuomba kartasi. Tutafurahi kama yule aliyekuwa mwanafunzi mbele yetu alitoa Siku ya Posho yake moja ili majina yetu yasomeke.

Kabati iko na kufuli moja na funguo iko kwa sekretere. Naomba komite ya wanafunzi iende kumwona Bwana Prefe wiki hii, mbele fundi hajaanza kufungua mashini. Na mwenye wazo lingine aliandike, alitie katika kisanduku cha gazeti. Tutalichapa katika namba ijayo, hata kama linanipinga.

Mungu abariki masomo yetu na kazi ya mikono yetu.

Mwanafunzi wa mwaka wa 3 Umanite, sehemu ya Komersiale